Mgeni wa Siku ya Taaluma

Wanafunzi walimwita Dira, maana kila aliyepotea alielekezwa kwake. Alikuwa mwalimu wa ushauri katika shule yetu ya sekondari, shule ya serikali iliyobanwa kati ya gereji na soko la mitumba, ambako ukifunga madirisha mnakufa kwa joto na ukiyafungua honi ndizo zinazofundisha. Mimi nafundisha kemia chumba cha jirani. Ofisi yake ilikuwa zamani stoo ya michezo, na mpaka leo inanuka mipira. Humo watoto wa wauza mboga, wa madereva na wa walinzi waliingia wamejikunyata, wakatoka vifua mbele: huyu daktari, yule rubani.

Dira hakuwa mwongo. Aliamini. "Elimu haimtupi mtu, mwanangu," aliwaambia, na ushahidi alikuwa nao.

Ushahidi wenyewe ni kijana tuliyemwita Profesa. Jina alipewa na wenzake tangu kidato cha kwanza, kwa ajili ya miwani na maswali yasiyoisha. Mamake ni mshonaji mtaa wa nyuma ya shule, mjane aliyemlea kwa cherehani. Profesa alifaulu, akaenda chuo kikuu, akahitimu uhandisi wa majengo. Mama akautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ameajiriwa na kampuni ya ujenzi. Na kweli kila asubuhi alipita getini kwetu, shati limenyooka kwa pasi, mkoba begani. Dira alikuwa akikatiza somo kumwonyesha dirishani. "Mnamwona yule? Alikaa kwenye madawati hayahaya."

Siku ya Taaluma, siku ya wageni kuwaeleza wanafunzi kazi zao, ilipokaribia, Dira alikwenda moja kwa moja kwa mshonaji. "Dada, safari hii namtaka Profesa aje azungumze na wadogo zake."

"Atakuja!" mama akajibu, mwanawe mwenyewe hata hajaulizwa. "Asipokuja yeye, nakuja mimi na joho lake nimelivaa."

Profesa alimpigia Dira simu mara kadhaa. Mara kazi zimembana, mara mafua, mara ana safari. Dira alicheka tu. "Acha maringo, mwanangu. Watoto wanakungoja."

Siku ikafika, ukumbi ukafurika. Akazungumza nesi, akazungumza fundi umeme aliyewavunja mbavu kwa kueleza alivyopigwa shoti siku yake ya kwanza kazini. Kisha akaitwa Profesa. Mamake alikaa mstari wa mbele, gauni jipya alilojishonea mwenyewe, akipiga makofi kabla ya wote.

Profesa alishika kipaza sauti. Akakigeuzageuza mkononi mpaka watoto wakaanza kuguna.

"Hotuba niliandaa," akasema hatimaye. "Nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Lakini nikiwatazama hivi, haitoki." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi sina kazi ya uhandisi. Sijawahi kuipata. Natoka nyumbani hivi mnavyoniona, nabadilisha nguo chooni, halafu nakwenda kubeba matofali. Nimeomba kazi mpaka nimechoka kuomba." Akamgeukia mamake. "Mama, nilitaka kukuambia siku ileile kampuni iliponikataa. Nikakuta umeshawaambia majirani."

Mama akainuka, akachukua pochi yake, akatoka bila kumtupia jicho.

"Makofi kwa mgeni wetu!" mwalimu mkuu akapaza sauti. Hakuna aliyepiga.

Nyuma kabisa akasimama msichana mmoja mrefu wa kidato cha nne, tegemeo langu kwenye kemia. "Samahani, kaka. Sasa sisi tusome ya nini?"

Profesa akamtazama Dira. Dira alikuwa ameinamisha kichwa. "Sijui, mdogo wangu," Profesa akajibu. "Ningejua ningekuambia."

Dira alimfuata mama, nami nikaandamana naye. Tulimkuta ameketi mashineni, anakanyaga, anakanyaga, na chini ya sindano hakuna kitambaa.

"Ulijua, mwalimu?"

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu."

"Mimi ndiye ninayelipiga pasi lile shati." Bado anakanyaga. "Kubeba matofali si aibu, hata babake alibeba. Lakini kunifanya mjinga ndani ya nyumba yangu! Nimemshukuru Mungu kwa kazi ambayo haipo."

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemlazimisha apande jukwaani."

"Niache, mwalimu. Leo usinifariji."

Mwalimu mkuu alimfokea Dira kwa kuiaibisha shule mbele ya wageni. Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni yule msichana mrefu: hakuonekana tena darasani. Dira aliulizia huku na huku, akamkuta saluni, povu mpaka viwikoni, anamwosha mteja nywele.

"Rudi, mama. Mtihani uko mlangoni."

"Nihakikishie nitapata kazi, mwalimu, narudi sasa hivi."

Zamani angemhakikishia bila kupepesa macho. Siku hiyo, aliniambia baadaye, maneno yalimfika ulimini yakarudi. "Siwezi," akamjibu. "Naweza kukaa na wewe tuangalie chuo, ufundi, hata hii saluni, nikuambie ninachojua na nisichojua."

Msichana akafungulia maji. "Nitafikiria." Hakurudi.

Dira hakuacha kazi, ila sauti yake ilipungua. Alimbembeleza Profesa aje kukaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si ukumbini, bali mle stoo. Alikataa, akakataa tena, kisha akaja na vumbi la saruji kwenye kope. Watoto walimuuliza mambo ambayo sisi hawajawahi kutuuliza: ukinyimwa kazi unarudije nyumbani? Unaanzaje kumwambia mzazi? Hakuwa na majibu mengi, lakini waliendelea kumngoja kila alipoahidi kuja. Kazi ya uhandisi bado anaitafuta.

Na mamake? Kwa mwanawe moyo ulilainika polepole. Siku hizi wanakula pamoja. Kwa Dira, bado. Nikipita pale anaposhonea ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za watoto wangu na za mgongo wangu. Habari za mwalimu mwenzangu haulizi, nami sijapata ujasiri wa kumpa.