Kanga ya Bibi Kwenye Mazoezi ya Sarakasi

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu, kisha namshukuru Mungu. Nilikuwa mdogo, darasa la tatu, na sarakasi imenikolea. Pale Kariakoo, kwa bibi yangu aliyenilea, nilitembea kwa mikono uani mpaka wapangaji wakanichoka.

Bibi akanipeleka kwenye kikundi kimoja karibu na Mnazi Mmoja, chenye sifa mji mzima. Alipofika, alitandika kanga yake pembeni, akakaa. Mwalimu akaja mbio.

"Shikamoo mama. Wazazi huwa hawakai hapa. Utamfuata jioni."

"Marahaba, baba. Kwa nini tusikae?"

"Watoto wanadeka wakiwaona."

Bibi aliinuka. Alikunja kanga yake, akanishika mkono, tukatoka. Nililia njia nzima, na nyumbani nikamnunia hata chai yake sikunywa. Unamjua bibi yako mkuu kwa hadithi tu, lakini niamini, hakuwa mtu wa kubembeleza.

Baadaye alisikia habari za kikundi kingine, Buguruni, kwenye ukumbi wa shule. Magodoro yao yalikuwa na viraka, ila yamepangwa vizuri, hakuna sakafu iliyoachwa wazi. Bibi alitandika kanga yake mbele kabisa, na mwalimu, dada mmoja mpole, akamsogezea kiti.

Watoto walikuwa wamepandana mabegani. Binti aliyekuwa juu akasema, "Mwalimu, naogopa."

"Haya, tunashuka," mwalimu akamjibu. "Nikushike kiuno?"

Yule binti akaitikia kwa kichwa, akateremshwa taratibu. Hakuna aliyemcheka. Bibi akanigeukia, akasema, "Hapa utabaki."

Nilibaki miaka mingi, nikapata furaha ambayo mpaka leo ninayo mwilini. Nilianguka, ndiyo, lakini nilianguka mikononi mwa watu. Nikazoea kusema naogopa, na kusema sitaki, bila kuona haya. Marehemu baba yako angekuwepo angekueleza mara ngapi nilimwambia sitaki. Yote hayo nilipewa na bibi niliyemnunia, na sikuwahi kumshukuru vya kutosha.

Sasa umeniuliza mwanao Salha umpeleke wapi kujifunza sarakasi. Usivutiwe na medali zilizotundikwa ukutani, wala sare zinazong'aa. Nenda ukae. Tazama mtoto akianguka, nani anamkimbilia. Sikiliza akisema anaogopa, anajibiwa nini. Angalia anashikwaje, na kama anaulizwa kwanza. Mkirudi nyumbani, muulize Salha mwenyewe, na umwamini atakachokwambia. Na wakikuambia uondoke umwache, mwanangu, ondokeni wote wawili, hata akilia. Atakununia, kisha siku moja atakushukuru, kama ninavyofanya mimi leo.

Mwenyezi Mungu amlinde anaporuka, ampe wa kumpokea anaposhuka, na wewe akujaalie subira ya kukaa kwenye kanga. Chukua hii yangu. Ilikuwa ya Bibi.