Kidole cha Kaka Mkubwa

Bendi nzima ilimwita dada yule Kiberiti, na wiki ile kiberiti kilikuwa kimeshawaka. Mara tatu mfululizo sampla yake, ile mashine ya kupigia ngoma kwa kugonga vibao viitwavyo pedi, ilimwaibisha kwenye harusi za watu. Mara tatu! Ya mwisho ilikuwa balaa: baba wa bibi harusi kasimama kutoa nasaha, Kiberiti kavuta chini slaida, kile kitelezi cha kupunguza sauti, ili ngoma nzito inyamaze, lakini vikanyamaza vigelegele vya kurekodi. Ngoma ikaendelea kumkatiza mzee wa watu maneno, ukumbi ukaangua kicheko.

Kaka yake mkubwa, kiongozi wa bendi, hakucheka. "Mdogo wangu, mitambo si ya kila mtu," alimwambia mbele ya wenzake. "Ukituharibia tena Jumamosi, namrudisha mpiga ngoma wa zamani." Kiberiti akakubali. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda kama ile.

Basi Alhamisi mchana, kwenye stoo ya fundi cherehani walikofanyia mazoezi, alipanga kila kitu taratibu. Akabonyeza kitufe cha kuchagua pedi ya slaida, taa nyekundu ikaanza kumetameta. Akagusa pedi ya ngoma nzito, slaida ikawa ya ngoma hiyo. Mashine yenyewe mtumba: taa huchukua kama dakika nzima kuzima, na ikiwa bado inametameta, pedi itakayoguswa mwisho ndiyo inayochukua slaida. Ndiyo maana alishapiga marufuku, tena kwa kufoka, mtu yeyote asiiguse. Akainama kuchomeka waya wa spika.

Alipoinua macho, akaona kidole. Kaka mkubwa alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akagonga pedi ya vigelegele, ta-ta, akaenda zake akipiga mluzi.

Kiberiti akaivuta slaida huku akijaribu pedi moja moja. Vigelegele vimefifia. Ngoma iko palepale, inanguruma.

"Kaka! Umegusa nini hapa?"

"Mimi? Si naisalimia tu. Kila tukipanga vyombo kabla ya kupiga, naisalimia. Ina ubaya gani?"

Damu ikampanda kichwani. Akawageukia wenzake. Mpiga gitaa alikuwa anakaza uzi uliokwisha kukazwa. Mwimbaji alikuwa anasoma maneno ya wimbo anaouimba mwaka wa sita sasa.

"Nyie mlikuwa mnamwona?"

Mpiga gitaa akazidi kukaza uzi.

"Nawauliza nyie! Mlimwona?"

"Tulimwona," mwimbaji akajibu, macho chini. "Hata kwenye zile harusi. Na tulijua umekataza. Sasa dada, mkubwa yule, nani angemwambia?"

Loo! Kumbe wamemwangalia akitukanwa, wakatikisa vichwa na kumpa pole, na jibu wanalo mdomoni! Akachomoa waya mmoja, akachomoa wa pili, akaitia mashine kwenye begi.

Kaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, nimekosa. Nisamehe, yaishe."

"Wewe hukujua, kaka. Nimekusamehe. Hawa walijua."

"Na Jumamosi je? Tutaaibika mbele za watu!"

Kiberiti alikuwa ameshafika mlangoni, begi begani.

"Mimi nimeaibika mara tatu peke yangu," akasema. "Nyie mko wengi, mtagawana."