Novena ya Kumhamisha Jirani

Nilisali novena ya siku tisa ili jirani yangu ahamishwe.

Siku ya tisa akabisha hodi mlangoni kwangu. Nikajua amekuja kuniaga.

Ndugu zangu, hakuja kuaga. Alichokuja nacho mkononi ndicho kinachonifanya niandike haya, na naandika uso ukiwa wa moto kwa aibu.

Naitwa Ludovika. Nina miaka hamsini na mmoja, mkulima wa Tumati, Mbulu. Nalima maharage na mahindi, nina ng'ombe watatu. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipofariki na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu.

Mwaka jana walifungua darasa la jioni la watu wazima pale shule ya msingi. Nikajiandikisha. Nilikuwa na nia moja tu: siku moja nisimame kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini, nisome somo la kwanza la ibada, kabla sijafa.

Mwanzo nilienda vizuri. Mwalimu Gregory akiandika ubaoni, nasoma mpaka wenzangu wananigeukia.

Shida ilikuwa kitabu.

Nikifungua kitabu, herufi zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Biblia ndiyo kabisa. Nasugua macho, nasali, nafungua tena. Wapi.

Nikajiuliza, huu ni ugonjwa gani unaochagua? Ubaoni naona. Ng'ombe wangu akiwa ng'ambo ya bonde namtambua. Kitabu tu ndicho sikioni.

Hapa kuna mkono wa mtu.

Na huyo mtu sikumtafuta mbali.

Kwenye nyumba ya kupanga mbele ya kwangu alikuwa amehamia dada mmoja anaitwa Somoe. Mtumishi wa serikali, Mwislamu, kwao Kilwa. Baridi ya huku ilimtesa, alikuwa anavaa kanga mbili juu ya sweta. Watu walimwita daktari kwa sababu alikuwa anafanya kazi kituo cha afya. Daktari wa nini, sikuuliza. Miezi minane, sikuuliza.

Kila asubuhi alinisalimia. "Shikamoo mama."

Nami najifanya nafukuza kuku.

Mnajua kwetu kuacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani ni kitu gani. Nilimfanyia hivyo mtoto wa watu.

Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza, saa kumi na moja alfajiri taa yake ilikuwa inawaka. Mimi saa hiyo naamka kusali rozari. Yeye anaamkia nini? Sikufikiria kwamba na yeye anasali.

Pili, alikuwa ananiangalia. Nikikaa nje kuchambua maharage kwenye ungo, namwona amesimama, ananitazama machoni. Siku moja nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nimenyoosha mikono mbali, akasogea.

"Mama, samahani. Ukisoma kitabu, huwa unakishika karibu au mbali?"

Nani amemwambia habari za kitabu?

Nikakusanya sindano yangu, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Jioni hiyo nilifungua daftari langu la darasani, ukurasa wa mwisho, nikaandika nia yangu kwa herufi kubwa. Nikaweka picha ya Mama Maria hapo, ili nisipate taabu kupafungua. Nikaanza novena. Kwenye jumuiya yetu ya sala nikamwomba Mama Yusta, mwenyekiti wetu, wanisindikize kwa nia ya siri. Wakanisindikiza, watu kumi na wanne, hawajui wanaomba nini.

Siku ya tisa ndiyo hiyo, hodi.

Nikafungua. Somoe, na sanduku dogo la bati mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba usinifukuze. Nimeona ukishika vitu vidogo unavipeleka mbali. Mimi kazi yangu ni macho, pale kituoni. Leo sina zamu, nimekuja nikupime hapahapa. Hutoi kitu."

Nikabaki nimeshika komeo la mlango.

Kazi yake ilikuwa macho. Nilikuwa nimemshtaki kwa Mungu kwa kufanya kazi yake.

Nikamkaribisha ndani. Akanikalisha penye mwanga wa dirisha. Akafungua sanduku, kumejaa miwani ya kila namna, msaada alioomba mwenyewe kwa watu anaowafahamu. Akanieleza taratibu kwamba umri ukifika, macho ya karibu yanachoka lakini ya mbali yanabaki mazima, na watu wengi wanadhani wamekuwa wajinga. Akanivalisha ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana.

Ya tatu, nikaona mistari ya kiganja changu.

"Lete kitu unachosoma kila siku," akasema. "Tuone kama inakubali."

Nikampa daftari. Haki ya Mungu sikufikiria. Nilikuwa natazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Daftari likafunguka lenyewe, penye picha ya Mama Maria.

Akaiweka picha pembeni kwa heshima. Akanigeuzia daftari.

"Soma hapa. Kwa sauti, nisikie kama unaruka herufi."

Nikaangalia. Mwandiko wangu mwenyewe. Safi, mweusi, umesimama kama askari kwenye gwaride.

"Ee Mungu," nikasoma. Nikanyamaza.

"Huoni?"

"Naona."

"Basi soma, mama."

Ningeweza kudanganya. Ningesema ukungu umerudi. Lakini nilikuwa nimelia kwa Mungu nisome, naye amenipa nisome. Ningeanza kwa kumdanganya?

Nikasoma. "Ee Mungu, mwondoe jirani yangu Somoe. Mhamishe, arudi kwao. Asiyafunge macho yangu tena."

Kuku wangu mmoja aliingia, akatembea mpaka katikati ya chumba, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

Machozi yalikuwa yanapita chini ya miwani ya watu.

Somoe akafunga daftari polepole. Akasema, "Amina."

Nikainua uso. Nilidhani ananisuta.

"Hujaruka hata herufi moja," akasema. "Miwani imekubali." Kisha akakaa chini, mikono mapajani. "Mama, mimi uhamisho nauomba mwaka wa tatu sasa. Tangu kituo nilichokuwa kabla ya huku. Mume wangu yuko Kilwa na mtoto. Nilimwacha ana miaka miwili. Sasa kwenye simu ananiita shangazi."

Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi kweli.

Kesho yake nikampelekea asali, debe la maharage, na jogoo mzima ili achinje mwenyewe kwa taratibu za dini yake. Nikapiga magoti kumshukuru. Akaniinua haraka, anaangalia kama majirani wanaona.

Asali na maharage akapokea. Jogoo akanirudishia, akasema atampigia kelele wakati wa swala.

"Ukitaka kunishukuru," akasema, "usiuchane ule ukurasa. Endelea kuomba. Toa tu lile la kufunga macho."

Basi hiyo ndiyo ikawa shukrani yangu. Kila alfajiri, taa mbili zinawaka, mimi hapa na yeye pale, tunaomba kitu kilekile.

Na msidhani ilikuwa rahisi. Sasa nilikuwa simtaki aondoke. Alinisaidia kusoma, alinipimia wenzangu wote wa darasa la jioni bure. Nikifika kwenye "arudi kwao," natamani kuliruka. Namaliza hivyohivyo.

Kwenye jumuiya nilisimama nikawaambia ile nia ya siri ilikuwa nini. Mama Yusta alivua kilemba akajipepea nacho. "Yaani Ludovika," akasema, "umetuchosha magoti siku tisa kumfukuza daktari wa macho, na mimi mwenyewe sioni?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Mpaka leo sijaweza kulicheka hilo.

Dominika moja nilisoma somo la kwanza. Somoe alikuja, akasimama nje ya dirisha la kigango na kanga zake mbili, mpaka nikamaliza.

Wiki iliyofuata barua yake ya uhamisho ilitoka. Kilwa.

Alikuja nayo anakimbia. Nilimpigia vigelegele mbele yake, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo iko njiani, akasimama palepale alipokuwa anasimama siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikarudia. "Marahaba. Marahaba." Zile zote nilizomnyima miezi minane, nilitaka azibebe.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu unamsalia aondoke, kabla hujawasha mshumaa nenda kamuulize anafanya kazi gani, na watoto wake wako wapi.

Ile nyumba ina mpangaji mpya tangu Jumatatu. Kijana, amekuja na redio kubwa, anaipiga mapema mno.

Namaliza kuandika hapa, navua miwani, naenda kumsalimia.