Filamu yetu ilivuja kabla haijatoka: Kapata nzima ilishajua nani kaiba mbuzi wa harusi

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mama wa Kolwezi, Congo. Kiswahili changu ni cha huku, nitajitahidi kukinyoosha ili watu wa Dar na Nairobi tuelewane. Ila watu wangu wakiongea nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Nitakachosimulia kimenipata mwenyewe. Anayebisha aje mtaani kwetu Kapata aulize nyumba yoyote.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Nimepiga harusi mpaka nikaanza kuota keki. Ndiyo nikaandika script yangu, comedy yenye fumbo ndani yake: asubuhi ya harusi mbuzi wa karamu hayupo, inspekta mmoja anayejiona mjanja kuliko wote anaitwa, na anamshuku kila mtu mpaka mchungaji.

Inspekta alikuwa rafiki yangu Trésor. Yeye ni mchimbaji mdogo wa madini kule Mutoshi, tunawaita creuseurs, kwa hiyo tulipiga picha siku zile tu ambazo hakushuka shimoni. Alivaa koti la mjomba wake, mikono inafunika vidole. Hata kabla hajafungua mdomo watu wanacheka.

Mwizi alikuwa baba wa bibi harusi. Niliyemchagua kwanza akaenda zake kufanya biashara Angola, nikabaki sina mtu.

Nikamwomba baba yangu mzazi.

Baba ni mstaafu wa kampuni ya migodi. Mtu wa suruali iliyopigwa pasi, kanisani yeye ndiye hubeba kikapu cha sadaka. Alikubali kwa sababu nilimwomba mimi, basi. Script hakuisoma, nilikuwa nampa maneno yake siku kwa siku.

Sasa wakuu, kama hamjafika Kapata: ni nyumba za kampuni, mistari kwa mistari, ua linatazama ua. Ukikaanga samaki, mtaa mzima unajua ni samaki gani. Nami nikaenda kupiga filamu yenye fumbo humo humo!

Siku tuliyopiga baba akimvuta mbuzi kwa kamba nyuma ya jikoni, watu walijaa kwenye kuta kama mpirani. Malori ya madini yanapita, vumbi jekundu, honi, tunarudia, tunarudia. Kila tukirudia wanazidi kujaa.

Jioni hiyo ending yangu ilikuwa imeshafika sokoni.

Mwanzoni nilicheka. Watoto wakimwona baba njiani wanamwita Tata, yaani baba, wanaimba, "Tata Mbuzi! Rudisha mbuzi ya batu!" Naye anawapungia mkono.

Kisha utani ukaingia kanisani. Mzee mmoja wa kanisa akamwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba kikapu akipumzishe kwanza, mpaka watu wasahau, maana waumini wanacheka wakati wa sadaka.

Kwa mwingine hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Familia yetu asili yake ni Kasai, mkoa mwingine, babu aliletwa huku kufanya kazi mgodini. Baba amezaliwa hapa hapa, lakini kuna miaka watu wa asili yetu waliitwa wezi na majina mengine na kuambiwa warudi kwao. Sitaingia huko, wanaojua wanajua. Nasema tu kwamba neno "mwizi", hata kwa mzaha, baba alilisikia kwa sikio tofauti na la watoto.

Nilimkuta sebuleni, redio imezimwa.

"Mi sitaki tena, Bijou," akasema. "Nilifanya kazi ya kampuni mpaka pensheni. Hata musumari moya sikubebaka. Sasa paka juu ya filme, bananiangalia mikono."

Yaani hata msumari mmoja wa kampuni hakuwahi kuiba, na sasa kwa ajili ya filamu tu watu wanamtazama mikono. Nikatoka.

Trésor akasema tumtoe baba, tutafute mzee mwingine, tupige upya. Wengine wakasema tuache tu, nani atakuja kuangalia fumbo ambalo jibu lake analo muuza mkaa?

Nilikataa yote mawili. Kumtoa baba kimya kimya kungekuwa kukubali kwamba kafanya kitu cha aibu. Na kuacha, hapana. Ukumbi wa cité, yaani wa mtaa wetu, nilikuwa nimeshapewa Jumamosi yangu ya kuonyesha filamu.

Nikakaa na script. Ilikuwa imebaki scene moja tu, ile ya baba kukiri mbele ya inspekta. Na ndipo nikaona kitu: mtaa ulimwona baba akivuta mbuzi. Hakuna aliyesikia kwa nini.

Nikarudi kwake.

"Tata, batu bote banajua ulibeba mbuzi. Hakuna mwenye anajua juu ya nini. Uniachie nibaambie."

Akaniangalia. "Na mu script, ni juu ya nini?"

"Mutoto wake anaolewa mbali. Hataki aende. Anasema bila mbuzi, harusi itangojea."

 Wakuu, mjue kwamba mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachumbiwa na kijana wa Dilolo, kule mpakani. Niliandika script kabla hata sijamfahamu, nawaapia. Lakini baba hakujua kwamba script ilitangulia.

"Hiyo njo uliandika?" "Njo" kwetu ni "ndiyo".

"Ee, Tata."

"Basi nipatie koti yangu ya kahawia."

Tulipiga asubuhi, ndani, mapazia yamefungwa. Mimi na kamera, Trésor mbele yake na koti lake la inspekta, mama jikoni akikatazwa kusogeza sufuria.

Trésor akauliza, "Tata, juu ya nini ulibeba mbuzi yako mwenyewe?"

Maneno niliyomwandikia baba yalikuwa mistari miwili. Aliyaacha yote.

"Nilisema, wiki moya tu. Mbuzi ikipotea, atabaki wiki moya. Nyumba hii tuliijaza na batoto, sasa banatoka moya moya, na mi njo mwenye kufunga mulango nyuma yabo. Siko mwizi. Niko muzazi. Bijou, njo maana."

Bibi harusi kwenye filamu anaitwa Mado.

Trésor akageuka kwangu, "Kata, amekosea jina."

Sikukata. Sikuweza hata kuona kioo cha kamera vizuri. Jikoni mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa kitenge.

Baadaye Trésor alisema turudie, watu wa Likasi na Lubumbashi watadhani hatujui jina la mhusika wetu. Nikamwambia baba harudii. Bibi harusi ndiye atakayebadilishwa jina.

Na nikabadilisha. Kwa kila mahali alipoitwa Mado, niliwaita waigizaji mmoja mmoja nyumbani, nikawafunika blanketi na simu ya kurekodi sauti ndani, wakasema "Bijou". Kwa hasira, kwa furaha, kwa kupiga kelele. Mchungaji wa kwenye filamu alitoka humo akitiririka jasho, akaniuliza kama huu ndio usanii. Midomo mingine haikulingana na sauti. Nikaiacha hivyo.

Mwanzo pia niliukata upya. Filamu ikaanza na baba akimvuta mbuzi. Sikuficha tena. Fumbo likawa kwa nini.

Jumamosi, mchana. Madirisha tuliyaziba kwa maturubai ya malori. Ukumbi ukajaa mpaka mlangoni, wengi wamekuja kumcheka Tata Mbuzi na wala hawakuficha. Mzee wa kanisa alikaa mbele. Baba alikaa nyuma, koti la kahawia.

Picha ya kwanza tu, ukumbi ulilipuka. Wakacheka Trésor akimhoji mbuzi wa jirani. Wakacheka midomo isiyolingana.

Kisha baba akaanza kuongea kwenye ile scene ya mapazia, na kicheko kikaisha kidogo kidogo, mpaka nikasikia turubai likipigwa na upepo.

Aliposema "niko muzazi", mama mmoja katikati akapaza sauti, "Basi, mumuachie mutoto wiki moya!"

Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi kwa pamoja, wengine wanajifuta macho. Wanageuka nyuma kumtafuta baba. Yeye ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mzee wa kanisa alimpa mkono mlangoni. Jumapili chache baadaye kikapu kikarudi kwa baba bila maelezo. Msamaha hakuna aliyeomba. Baba alikipokea akaendelea na kazi.

Filamu imeshaonyeshwa Likasi pia, na hakuna aliyeuliza kuhusu midomo. Nami niliolewa, tarehe alipanga baba mwenyewe.

Nilichojifunza: kabla ya kumpa mtu nafasi kwenye filamu, muulize itamgharimu nini mtaani kwake, si kwenye kamera tu. Na siri yako ikivuja, usikimbilie kufuta kazi. Angalia kwanza kama waliyoyaona watu ndiyo yote uliyokuwa nayo.

Waliowahi kupiga filamu mtaani kwao leteni uzoefu wenu. Wakosoaji pia karibuni, semeni lolote kuhusu script na sauti. Ila kuhusu uigizaji wa yule mzee mpime maneno, mama anamsomea komenti zote.