Alipata 11 kwa 100 darasani, sasa anaikimbiza boti ya mwalimu wake

Saa mbili asubuhi. Masikio amepiga magoti ndani ya boti nyeupe yenye mstari mwekundu, kichwa chake kimezama kwenye sanduku la injini. Hagusi kitu. Ananusa.

“Kwanza pua, halafu feni dakika tano, halafu ndiyo ufunguo,” anasema bila kuinua kichwa. “Mvuke wa petroli ukijifungia humu, cheche moja tu, mimi na wewe tunatoka kwenye gazeti lako, ukurasa wa tanzia.”

Feni inavuma. Juu ya gati, mwenye boti ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, jaketi la kujiokolea amelifunga mpaka kidevuni. Ana miaka sitini na minane. Alifundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, na hapa ziwani hakuna anayemwita jina lingine ila Mwalimu.

“Fundi, unanusa mpaka lini?” anauliza.

“Dakika mbili, Mwalimu.”

“Mbili zako au za saa?”

Fundi huyu mwenye miaka arobaini na mmoja aliitwa Masikio kwa sababu ya bisibisi yake ndefu. Ncha yake huigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, kisha akakwambia beringi ipi inalalamika. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minne kwenye gereji ya magari. Miaka mitatu iliyopita alihamia gatini, akapanga banda la mabati analotumia pamoja na mkewe, Mama Mapacha, ambaye hushona maturubai ya kufunikia boti.

Maisha si mteremko. Mwezi mzuri hupata boti sita za kutengeneza. Mwezi mbaya, moja, tena ya mtu wa kulalamika. Nusu ya kipato huishia kwenye kodi ya banda. “Kuna mwezi maturubai yake ndiyo yaliyotulisha,” anasema Masikio. “Naye hakosi kunikumbusha.”

Mwalimu alimwendea na ombi ambalo mafundi wawili walikuwa wamelikataa. Kila Jumapili jirani yake wa gatini, mstaafu wa kampuni ya bima, humpita ziwani kwa boti yake mpya na kumpungia vidole viwili. Vidole viwili tu! Mwalimu alivumilia msimu mzima. Kisha akaagiza supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuishindilia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Mtambo huo ulikaa sebuleni kwake miezi miwili, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

Mafundi waliogopa kwa haki. Injini ina miaka kumi na tisa na vipuri vyake havipatikani tena. Ikipasuka, boti nayo imekwisha. Masikio akapima mgandamizo wa kila silinda, akasikiliza kwa bisibisi yake siku nzima, akasema injini ni nzima. Halafu, mbele ya mafundi wenzake, akaongeza maneno ambayo mkewe hajamsamehe hadi leo: “Nikiiua, naondoka gatini. Narudi kwenye magari.”

Kwa nini ajifunge hivyo? Hapo anacheka kwa aibu.

“Huyu alinifundisha kidato cha pili,” anasema na kuonyesha gatini kwa kidevu. “Mtihani wa mwisho alinipa kumi na moja kwa mia.”

“Kumi,” Mwalimu anasahihisha kutoka kitini. “Moja ilikuwa ya mwandiko.”

Kazi ilimchukua siku kumi na moja. Alifunga supachaja juu ya injini, akaweka mkanda na puli mpya, akaongeza pampu ya petroli na kipozeo kinachotumia maji ya ziwa ili hewa isiingie ya moto. Kabla ya hapo boti ilifika kilomita sabini kwa saa, haizidi hata ukiiombea. Jumamosi iliyopita waliijaribu. Injini ilinguruma mpaka mafundi wakatoka mabandani. Mshale wa mizunguko ukapanda, ukagonga mwisho, injini ikaanza kukohoa. Kipimo cha mwendo kikasoma sabini na mbili.

Kazi yote ile, kwa kilomita mbili!

Mwalimu alivua jaketi, akalikunja vizuri, akasema, “Fanya masahihisho. Una wiki moja.”

“Nilitamani ziwa linimeze,” anakumbuka Masikio. “Wenzangu wakaanza kuniuliza habari za magari.”

Siku nne aliitafuta hewa inayovuja. Alifungua mipira, akabadilisha gasketi, akasikiliza supachaja mpaka sikio likaota alama ya mpini. Haikuvuja popote. Siku ya tano alishika tama mezani, mbele yake karatasi imejaa hesabu za mizunguko. Mama Mapacha alikuwa akishona upande wa pili.

“Nilimhurumia,” anasimulia mama huyo. “Nikamwambia, Baba Mapacha, unakumbuka nilipofunga mota kubwa kwenye cherehani? Sindano ilipiga kama mvua ya mawe, lakini turubai lilitambaa vilevile. Nilifanya nini? Nilirefusha mshono, basi.”

“Akajibu?”

“Ajibu nini? Alitoka mbio bila viatu.”

Kosa lilikuwa la mtu wa magari. Gari likiongezwa nguvu, dereva hupandisha gia. Boti hii haina gia za mwendo. Propela ndiyo gia yake. Ile ya zamani ilikatwa kuisukuma boti inchi kumi na tisa kwa kila mzunguko, na injini tayari ilikuwa imefika mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa. Nguvu mpya haikuwa na pa kwenda. Ilihitajika propela yenye mabapa yaliyolala vingine, ya kupiga hatua ndefu kila inapozunguka.

“Mtu aliyezaliwa kwenye boti asingekosea hivyo,” anakiri. “Mimi nilikuwa nafikiri kigari.”

Gati nzima ilikuwa na propela moja tu ya inchi ishirini na tatu, nayo ilikuwa ya akiba ya Mzee wa Bima, yule jirani wa vidole viwili. Masikio aliukaza moyo, akaenda kuiazima. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

“Chukua, mwanangu. Ukitaka, funga hata mbili.”

Sasa dakika tano za feni zimekwisha. Masikio anageuza ufunguo, injini inashika, na filimbi nyembamba ya supachaja inapanda juu ya mngurumo. Anaweka bisibisi sikioni, anafumba macho, anatabasamu. Mwalimu anaingia na kushika usukani. Mwandishi naye anakaribishwa, na dakika moja baadaye anajuta kuja na kofia.

Sitini. Sabini. Pua ya boti inatulia, maji yanapita pembeni kama kitambaa kinachochanwa. Sabini na mbili, na injini haikohoi! Mbele yetu Mzee wa Bima anatembeza boti yake kwa raha zake. Anageuka, na vidole vyake viwili vinabaki hewani.

Mwalimu hapungi. Anainua mkono mzima, wima, kama anayemwambia mwanafunzi akae chini.

“Themanini na nne!” anapiga kelele Masikio. “Mwalimu, themanini na nne! Mshale uko salama!” Analia na kucheka kwa pamoja, wala hajifichi.

Gatini Mama Mapacha anatupokea kwa vigelegele. Masikio anamshika mkono mbele ya mafundi wote na kuwatangazia aliyegundua dawa ni nani. Mzee wa Bima anafika baadaye kidogo, anaitazama propela yake, anakuna kichwa. “Fundi,” anasema polepole, “hiyo supachaja inafungwa kwa siku ngapi?”

Kazi hiyo ikithibitika itakuwa supachaja ya pili, na Masikio anataka ifuatwe na nyingine. Anapanga kuliongeza banda chumba kimoja, awe fundi wa mwendo wa hapa ziwani. Magari, anasema, tusimtajie tena.

Mwalimu amefungua mkoba. Anatoa kalamu nyekundu, anachana kipande cha boksi la supachaja, anaandika 84 na kuizungushia duara.

“Mwalimu,” anauliza Masikio, “zile kumi na sita?”

“Hizo hujazifanyia kazi.”

Masikio amekibandika kipande hicho ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Chini yake ameacha nafasi.