Tope Lilipohama

Kwa miaka saba bahari ya kijiji cha Bonne Patience haikuwa na sauti. Mawimbi yalitoka mbali kaskazini, marefu na mazito, yakakuta tope mbele ya ukuta wa kuzuia bahari, laini kama uji na pana kupita macho. Wimbi kubwa likiburuza tumbo kwenye tope huchoka. Kila linapojikwaruza linaacha nguvu zake chini, na likifika ukutani halina hata povu. Linalamba tu.

Dularie alikuwa mlinzi wa lango la maji, kazi aliyoirithi kwa marehemu mumewe. Bahari ikishuka, anazungusha mpini, lango la mbao linapanda, maji ya mvua yanatoka mferejini. Bahari ikigeuka, analiteremsha, maana kijiji kizima kimelala chini kuliko bahari.

Tope lile watu walilichukia, Dularie akiwa wa kwanza. Liliziba mdomo wa mfereji, naye alilichimba kwa koleo hadi mgongo ukapinda. Lakini lilimpa kitu kimoja, nacho ni muda. Maji yaliyochoka yalipanda pole pole, na hata akichelewa, lango lilishuka bila ubishi.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, tope likahama. Quamina, mvuvi wa kamba, ndiye aliyeleta habari.

"Nguzo za nyavu zangu zimebaki majini kama kuku walionyeshewa," alisema. "Tope limekwenda magharibi. Limefunga mizigo, halikuaga mtu."

Watu walishangilia. Mfereji ulikuwa unakimbia vizuri, mashamba ya mpunga yanapumua. Jirani wa Dularie, Sookdeo, akamtania, "Sasa utanenepa, dada. Koleo limestaafu!"

Dularie alicheka nao, ila wali wake siku hiyo hakuumaliza. Nyuma ya ukuta alikuwa anasikia kishindo. Kinakuja, kinanyamaza, kinakuja tena.

Ikanyesha siku tatu mfululizo. Jumamosi, uani kwa Sookdeo maji yalifika vifundoni, na kesho yake ndiyo harusi ya binti yake Indranie. Kesho hiyo hiyo ndiyo bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote. Dularie alitoka saa tisa mchana, akashika mpini. Sookdeo akaja mbio, suruali ameikunja, mikono ya njano kwa manjano waliyokuwa wakimpaka bibi harusi.

"Dada, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Saa tisa? Si siku zote unafunga saa nzima baada ya bahari kugeuka? Niachie hiyo saa moja tu uwanja ukauke! Pandit wa kufungisha ndoa nimkalishe wapi kesho, kwenye mtumbwi?"

"Bahari imegeuka, Sookdeo."

"Hata jana iligeuka! Miaka saba hukuogopa, leo ndiyo umekumbuka?"

"Miaka saba tulikuwa na tope."

"Tope! Si wewe uliyelitukana kila asubuhi?"

"Nililitukana, ndiyo."

Akifunga bure, atakuwa amemzamishia harusi Indranie, mtoto aliyembeba mgongoni. Akingoja, wimbi likikuta lango liko juu litalibana kwenye fremu yake, halitashuka tena, na chumvi itaingia mpaka jikoni mwa watu. Shamba lililokunywa chumvi halisamehe upesi.

Akatazama baharini. Kwenye nguzo za Quamina, pale mawimbi yalipokuwa yanafia, wimbi lilipita limesimama wima, halikuinamisha hata kichwa. Nyuma yake lingine.

Akazungusha mpini.

"Basi kesho usije kula kwangu!" Sookdeo akageuka, akaondoka akipiga maji kwa miguu.

Neno hilo lilimchoma. Lakini hakuacha. Lango lilikuwa nusu njia wimbi la kwanza lilipoligonga. Mbao zikalia, mpini ukakwama. Dularie akauning'inia kwa uzito wake wote, wala haukusogea.

"Sookdeo!"

Alikuwa hatua kumi tu. Alisimama bila kugeuka, kiburi kimemshika shingo. Ndipo maji ya chumvi yalipouruka ukuta yakamwagikia kichwani. Hapo akarudi mbio.

"Usivute sasa hivi!" Dularie akamwambia. "Wimbi limelibana. Ngoja lirudi nyuma. Ngoja... haya!"

Wakazungusha. Wimbi likaja, wakangoja. Likarudi, wakazungusha. Mara ya sita lango lilikaa chini, na wimbi lililofuata likapiga hata udongo ukatetemeka chini ya miguu yao. Sookdeo aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kama aliyegusa sufuria la moto.

"Ingekuwa ile saa moja..." alisema, akifuta chumvi usoni.

Harusi ilifanyika. Pandit alikalia benchi lililowekwa juu ya makreti, wageni walivua viatu, Indranie akapitishwa mgongoni kwa kaka yake huku shangazi zake wakicheka. Dularie hakwenda. Bamvua ilikuwa imepanda na yeye alikuwa langoni, anasikiliza.

Alasiri Sookdeo alimjia mwenyewe, mikononi jani pana la yungiyungi, juu yake wali na mchuzi wa aina saba.

"Nilisema usije kula kwangu," alisema. "Sikusema chakula kisikufuate."

"Uwanja umekauka?"

"Umekauka wapi! Mama mkwe kaanguka mara mbili." Akachungulia juu ya ukuta. "Litarudi lini hilo tope, dada?"

"Sijui. Miaka."

Kikaja kishindo. Dularie akala kwa mkono wa kulia, wa kushoto hakuutoa kwenye mpini.