Sahihi ya Sita

Asubuhi ile Glenda Outhwaite alimpelekea chai mtu aliyekuja kumfuta kazi, bila kujua. Kulikuwa na manyunyu, yale ya Januari ambayo huwezi kusema yalianza lini, na barabara ya kijiji cha Garthwick ilikuwa tupu. Mtu huyo alikaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya shule, mkononi ana kidude cha kubonyeza. Glenda, aliyekuwa akisugua jiko lake, alimwona dirishani akamwonea huruma. Akavuka na kikombe na biskuti mbili.

"Unahesabu nini kwenye baridi hii?"

"Magari," alisema yule mtu. "Umeniokoa, mama. Vidole sivisikii."

Glenda akadhani ni mambo ya lami. Hakumwambia kwamba shule ilikuwa imefungwa, kwamba walimu walikuwa kwenye mafunzo na watoto wote wamelala majumbani mwao. Nani angedhani mtu aliyetumwa mbele ya shule hajui kwamba shule imefungwa? Alisubiri kikombe kiishe, akarudi kwenye jiko lake.

Barua ilifika mwezi wa pili kutoka Marbridge, mji mkuu wa jimbo, umbali wa kilomita sitini na milima miwili. Kivuko cha Garthwick, pale Glenda alipowavusha watoto barabara kwenda shule, ilisema, kimechunguzwa Januari, na idadi ya magari na watoto wanaovuka haijafikia kiwango. Huduma itakoma mwisho wa muhula, kabla ya Pasaka. Mhudumu arudishe koti la njano na fimbo yenye kibao.

Aliisoma akiwa amesimama. Miaka kumi na tisa alikuwa ameishika fimbo ile, kibao chake cha duara juu, neno la kusimama pande zote mbili. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule. Siku lori la machimbo ya mawe lilipomgonga mtoto wa akina Lund, ni yeye aliyetoka jikoni na aproni yake, akapiga magoti kwenye lami na kukishika kichwa cha mtoto mpaka gari la wagonjwa likafika. Mtoto alipona, ingawa mguu mmoja ulibaki mfupi. Jumatatu iliyofuata Glenda alikwenda kwenye ofisi ya halmashauri ya zamani, chumba kimoja juu ya duka la mikate, akaomba kivuko. Mzee mmoja mwenye makombo kwenye sweta alimsikiliza. Ijumaa akapewa fimbo.

Halmashauri ile haipo tena. Ilimezwa pamoja na nyingine sita, zikawa jimbo moja lenye meya wake, na vipeperushi vikapita mlango kwa mlango vikisema madaraka yameondolewa London na kuletwa kwa wananchi. Yaliletwa kweli, Glenda alifikiri. Yalipanda treni, yakashuka Marbridge, yakaona baridi, yakabaki hapo hapo kituoni.

Alipiga simu Marbridge. Sauti ya mwanamume ilimsikiliza kwa adabu.

"Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo," Glenda alisema.

"Naelewa, Bi Outhwaite. Ila hesabu imeshaingia."

"Mlihesabu watoto siku ambayo hakuna watoto."

"Fomu haina sehemu ya kueleza hilo. Mnaweza kuomba hesabu mpya baada ya miaka miwili."

"Na katika miaka miwili hiyo watoto wavuke vipi?"

"Tunashauri wazazi wawe waangalifu," sauti ikasema.

Alikwenda kwa Desmond Pym, mwenyekiti wa baraza la kijiji, mtu mpole aliyeogopa kila kitu chenye nembo. Pym alimkaribisha hadi sebuleni kwake, akamwekea mto mgongoni.

"Glenda, tumepewa meya wetu wenyewe," alisema. "Tukianza kulalamika mapema hivi, watatuonaje? Na unajua ukumbi wa kijiji unasubiri paa kutoka kwao."

"Kwa hiyo tunabadilisha watoto kwa paa."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ndiyo maana nimekusaidia."

Nyumbani alitoa sanduku la marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa baraza la kijiji kwa miaka thelathini. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba cha sheria, kingo zake zimekuwa kahawia kwa chai. Alikumbuka baba yake akikigonga kwa kidole mezani na kusema kwamba hicho ndicho kisu pekee walichoachiwa watu wadogo. Alisoma mpaka alipopapata. Wapiga kura sita wa kijiji wanaweza kuitisha mkutano wa kijiji, mwenyekiti apende asipende. Sita tu. Tangazo libandikwe siku saba kabla. Mkutano ukitaka, kura ipigwe, na jibu lipelekwe juu, kwa maandishi, mahali ambapo haliwezi kujifanya halikusikika.

Sita si wengi. Lakini nusu ya nyumba za Garthwick ni za watu wa kusini wanaokuja mwezi wa nane na mbwa wao. Wazazi wengi wanaishi kwenye mashamba ya kijiji cha jirani, hawapigi kura hapa. Walimu walikatazwa na waajiri wao. Waliobaki walikuwa wameshaambiwa na Pym habari za paa. Kwa siku nne Glenda aligonga milango, na milango ilifunguliwa nusu. Jumatano jioni alikuwa na sahihi tano, yake ikiwa mojawapo. Ili muhula usiishe kabla ya kura, tangazo lilitakiwa kubandikwa kesho yake kabla ya saa sita mchana.

Mlango mmoja alikuwa bado hajaugonga. Ulikuwa wa Clifford Raine.

Clifford alifuga kondoo juu ya kilima, na kila asubuhi ya shule, kwa miaka yote kumi na tisa, Glenda alimsimamisha na trekta yake. Kila asubuhi alitukana kupitia kioo. Mwaka wa tatu aliisogeza trekta kabla mtoto wa mwisho hajafika ng'ambo, na Glenda akaipasua taa yake ya mbele kwa fimbo. Tangu hapo hawakuwahi kuzungumza, isipokuwa kwa matusi yake na kimya cha Glenda.

Alimkuta bandani, msimu wa kuzalisha, amepiga magoti kwenye majani makavu nyuma ya kondoo.

"Umekuja kunisimamisha hata humu ndani," Clifford alisema bila kugeuka.

"Nataka sahihi yako."

"Ulinipasulia taa."

"Hukutaka kusimama."

"Nilikuwa nasimama."

"Ulikuwa unafikiria kusimama."

Clifford alivuta, na mwanakondoo akateleza mikononi mwake akiwa amelowa. Akamsugua kwa majani mpaka akapiga chafya. Ndipo akasimama na kuichukua karatasi kwa ncha za vidole. Aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"Huyu aliyehesabu, ulimwona?"

"Nilimpelekea chai."

Clifford alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kirefu kibaya kilichowafanya kondoo wasogee ukutani.

"Na biskuti?"

"Mbili."

"Miaka kumi na tisa," alisema, akijifuta machozi kwa kiwiko, "nimeamka kila siku na nia ya kukuona umeondoka pale. Nimekuombea mafua. Nimekuombea goti bovu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kukuondoa barabarani, ni mimi. Halafu mtu wa Marbridge asiyejua hata jina lako anakuja siku moja, anakunywa chai yako, anakufuta." Akanyoosha mkono wenye rangi ya buluu ya kuwekea kondoo alama. "Lete kalamu."

Sahihi ya sita ilikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu.

"Na taa yangu?" aliuliza alipokuwa akimrudishia.

"Ilikuwa mbovu tangu mwanzo," Glenda alisema, akatoka.

Tangazo lilibandikwa saa tano na nusu, kwenye mlango wa kanisa, kwa sababu Pym alikuwa na ufunguo wa ubao wa matangazo wa kijiji na ghafla hakukumbuka aliuweka wapi. Mkutano ulifanyika chini ya paa lile lile linalovuja, ndoo tatu sakafuni. Watu waliofungua milango nusu walikuja, wengine kwa aibu, wengine kumwona Clifford Raine akikaa upande mmoja na Glenda Outhwaite. Kura ilipigwa wiki ya mwisho ya muhula, kuanzia saa kumi jioni. Tisini na saba walitaka kivuko kibaki. Wanne walikataa.

Marbridge ilijibu kwa mistari mitatu. Maoni ya wakazi yamepokelewa na yatazingatiwa. Uamuzi unabaki kama ulivyo. Ofisa atakuja kuchukua vifaa.

Jumatatu ya kwanza ya muhula mpya, baada ya Pasaka, saa mbili na nusu asubuhi, Glenda alivaa koti la njano ambalo halikuwa lake tena, akaenda kusimama mahali pake. Magoti yalimuuma kama kawaida. Ofisa alikuwa ameshafika, mwanamke wa makamo aliyeitwa Farrow, kavaa viatu vya mjini.

"Bi Outhwaite, huna idhini ya kuwa hapa."

"Najua."

"Nimeagizwa kuichukua fimbo."

"Ichukue," Glenda alisema, akamwekea mkononi.

Bi Farrow hakutarajia uzito wake. Alitazama nyuma kuelekea gari lake, akakuta njia imezibwa na watoto, thelathini hivi, mabegi mgongoni, wakimtazama mwenye fimbo kama walivyozoea.

"Haya, wavushe," Glenda alisema.

"Mimi?"

"Mwenye fimbo ndiye anayevusha. Mimi sina idhini."

Lori la machimbo lilikuwa linashuka kilima, likinguruma kwa gia ya chini. Upande wa pili trekta ilisimama na kuzima injini. Clifford alishusha kioo.

"Leo ananisimamisha nani?" aliuliza. "Nijue wa kumtukana."

Bi Farrow alitazama lori, akatazama watoto, na Glenda akaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesoma neno kwenye fomu kwa miaka mingi na leo amelikuta lina meno. Alishuka barabarani. Aliinua fimbo kwa mikono miwili. Breki za lori zililia, na lori likasimama hatua nane kutoka kwake, upepo wake ukimpeperushia sketi. Watoto wakapita wawili wawili.

Aliporudi alikuwa mweupe hadi midomoni. Akamrudishia Glenda fimbo, akaweka fomu juu ya gari lake, akaandika kwa muda.

"Nimeandika kwamba kifaa hakikupatikana," alisema.

"Umekishika sasa hivi."

"Hakikupatikana, Bi Outhwaite. Na nimeomba hesabu irudiwe, siku ya shule. Sijui watakubali. Wakikubali, nitakuja mwenyewe."

"Uje na kikombe chako," Glenda alisema. "Changu sitoi tena."

Kisha akashuka barabarani, kwa sababu watoto wa basi la pili walikuwa wamefika, na lori jingine lilikuwa linashuka kilima.